Aliyefunga Mabao ya Wamuyu

Mliniacha kando ya uwanja, kombe la kaunti ndogo likiwa mikononi mwa wasichana wangu, na mimi nikiwa sina mate kinywani.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Mwalimu Shivachi, Madam kwa wanafunzi wangu, msimamizi wa michezo katika shule ndogo ya Kawangware. Hodari wa timu yangu, yule aliyefunga mabao yote ya fainali, anajulikana kwa waamuzi kama Wamuyu, binti wa Bwana Thuo, mwenye ploti za kupangisha pale mtaa wa Kongo, humu humu Kawangware. Jina lake halisi ni Kasyoka. Mama yake huuza mboga Silanga, upande wa pili, Kibera. Yeye si mwanafunzi wa shule yangu. Si mwanafunzi wa shule yoyote. Aliacha masomo mwaka jana, na asiye na namba ya mwanafunzi haruhusiwi kugusa mpira wa mashindano ya shule.

Nilimgundua siku niliyokwenda kununua mboga. Kitunguu kiliporomoka kutoka mezani, na kabla hakijafika kwenye matope alikipokea kwa mgongo wa mguu wake wa kushoto, akakirusha juu na kukirudisha mahali pake, wala hakuacha kukata sukuma wiki aliyokuwa akiikata.

Magazeti huwaita wachezaji wa namna hiyo mamluki. Sisi walimu wa michezo, tukiwa peke yetu, husema tumeazima. Nami niliazima jina la Wamuyu kwa sababu Wamuyu mwenyewe hapendi jua wala jasho, na alifurahi mno kubaki darasani huku mwenzake akitokwa na jasho kwa jina lake. Niliona jina ni jina tu.

Ndipo Kocha Okeyo, anayetafuta vipaji kwa ajili ya timu ya taifa ya wasichana chipukizi, aliponishika mkono baada ya filimbi ya mwisho na kuniambia maneno ambayo kila mwalimu wa michezo huyaota.

"Huyo Wamuyu namchukua. Kambi inaanza Jumatatu. Kesho nakuja kuonana na babake."

Kesho hiyo ilifika.

Nilitoka nyumbani asubuhi ya Jumamosi ili nimtangulie. Njiani niliyapanga maneno yangu kama ninavyopanga somo: utangulizi, kiini, hitimisho. Ningemweleza Bwana Thuo ukweli wote, ningemwomba radhi, kisha ningemsihi amwambie mgeni kwamba binti yake haruhusiwi kwenda kambini. Kasyoka angekosa kambi, lakini angebaki uwanjani, na mimi ningepata muda wa kumtafutia shule na namba yake mwenyewe.

Nilipofika langoni nilisikia harufu ya nyama ya kuchoma.

Bwana Thuo alinipokea kwa mikono miwili. Wapangaji wake walikuwa wamekaa uani kwenye viti vya plastiki, wamevalia kama watu waliotoka kanisani.

"Mwalimu, mbona ulinificha?" alisema.

Nikafungua kinywa nianze utangulizi wangu.

"Kocha alinipigia jana," akaendelea. "Kumbe niko na mchezaji kwa nyumba, na mimi kila siku kazi ni kumwambia aoshe vyombo."

Utangulizi ukanipotea.

Mlangoni alikuwa ameketi mama yake Bwana Thuo, kilemba kichwani na shuka miguuni. Yeye ndiye Wamuyu wa kwanza. Kwa desturi ya Wakikuyu, binti huitwa kwa jina la bibi yake, na tangu siku anapopewa jina bibi yule na mjukuu yule huhesabiwa kuwa mtu mmoja. Ndiyo maana Bwana Thuo, akifurahi, humwita binti yake maitu, yaani mama yangu. Haya niliyajua tangu zamani. Sikuwahi kukaa chini nikayafikiria.

"Mwalimu," bibi alinihoji, "nilifunga mangapi?"

"Matatu, shosho."

"Na mguu gani?"

"Wa kushoto."

Aliupapasa mguu wake wa kushoto juu ya shuka. "Huu huu? Na vile unanisumbua baridi ikija."

Uani kukawa na kicheko. Nilicheka pamoja nao, na kicheko changu kikaniingia masikioni kama cha mtu mwingine.

Wamuyu alitoka ndani. Alikuwa amevaa jezi mpya yenye alama za mikunjo ya dukani. Hakunisalimu. Alinivuta hadi nyuma ya tangi la maji.

"Madam, usiseme."

"Umewaambia nini?"

"Sijawaambia kitu. Baba aliingia tu akanishika kichwa, akaniita maitu. Hajaniita hivyo tangu nirudi na ile ripoti ya hesabu. Sasa ningesema nini?"

"Kocha anakuja kukuona wewe, Wamuyu."

"Si umwambie nimeumia mguu?"

Mimi, mwalimu niliyesomea chuo, nilijikuta nikifikiri ni mguu gani tungeuchagua.

Hatukupata nafasi ya kuchagua. Kocha Okeyo alikuwa ameingia langoni na begi lake begani. Alisalimia kila mtu, akamwinamia bibi, akapewa kiti karibu na jiko la nyama. Bwana Thuo akamwita binti yake mbele za watu.

Wamuyu alisimama. Okeyo alimtazama usoni kidogo tu, kisha akamtazama miguu kwa muda mrefu. Mtu wa kazi ile hakumbuki nyuso.

"Ameumia jana," nilisema haraka.

"Ameumia saa ngapi?" Bwana Thuo akashangaa. "Asubuhi ametoka duka mbio na soda."

Okeyo alifungua begi, akatoa mpira, akauviringisha polepole kwenye saruji kuelekea kwa Wamuyu, jinsi mtu anavyomviringishia mtoto mdogo. Mpira ulimgonga muundi, ukaenda zake chini ya jiko.

Hakuna aliyecheka.

"Mwalimu," alisema Okeyo kwa sauti ya chini, "huyu si yule."

Bwana Thuo aliwashukuru wapangaji wake kwa kuja, akawaomba warudi vyumbani kwao. Walichukua nyama yao na kwenda wakigeuka nyuma. Kisha akafunga lango kwa komeo, akarudi na kuketi mbele yangu.

Nilisema yote. Sikumbuki kama kulikuwa na utangulizi.

Nilitarajia ngurumo, na ingenifaa zaidi. Bwana Thuo aliongea taratibu, kana kwamba anachagua kila neno kutoka kwenye gunia.

"Jina la mama yangu umempa nani?"

"Msichana wa Silanga. Anaitwa Kasyoka."

"Mkamba?"

"Ndiyo."

"Mkamba anatembea na mama yangu kwa viwanja zote, na mimi ndio nachomea watu nyama."

Nilimtazama Okeyo anisaidie. Naye alikuwa na hesabu yake. Alinieleza, bila hasira, kwamba akipeleka habari hii inakotakiwa kupelekwa, kombe litarudishwa, shule itafungiwa, na mimi nitaitwa mbele ya waajiri wa walimu nieleze. Hayo yote niliyajua. Halafu akataja lile nililokuwa nikiliogopa kuliko yote.

"Na msichana atafungiwa misimu miwili. Msichana wa miaka kumi na mitano, mwalimu. Ukimtoa kwa uwanja miaka miwili, unafikiria atarudi?"

Akanisimulia habari za mmoja aliyempata Mathare, kiungo mwenye macho nyuma ya kichwa. Shule ilipofungiwa kwa kosa la watu wazima, alimwambia avumilie. Aliporudi kumtafuta alimkuta anauza mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, kando ya barabara, mtoto mgongoni. Msichana yule alimkatia kipande cha mutura, akakataa kulipwa, akamuuliza kama timu bado ipo.

"Sikukula hiyo mutura," alisema Okeyo.

Bwana Thuo alikuwa amekwisha kutoa simu. Nilijua chifu ni rafiki yake. Niliona kidole chake kikitafuta jina.

Ndipo bibi aliponena kutoka mlangoni.

"Thuo. Yule anafunga ndiye mimi."

Kidole kikasimama.

"Mama, yule ni mtoto wa wenyewe."

"Amefunga na jina la nani? Wamuyu. Wamuyu ni nani? Si ni mimi? Huyu," akamnyooshea kidevu mjukuu wake aliyevaa jezi, "mpira unamgonga mguu kama ukuta. Mimi sijawahi kuwa hivyo."

Aliyasema kwa utani wa kizee, nami nadhani alitaka tu kumpoza mwanawe. Lakini Bwana Thuo hakuyapokea kama utani. Alimtazama mama yake, akalitazama lango, kisha akamgeukia Okeyo.

"Huko kambi wanataka nini? Ile ya kwenda nje ya nchi."

"Cheti cha kuzaliwa, ndio apewe paspoti."

"Cheti cha Wamuyu kiko."

Aliirudisha simu mfukoni.

"Basi awe Wamuyu kabisa," alisema Bwana Thuo. "Aje aishi hapa, ale hapa, aniite baba. Shule nitampeleka. Hakuna mtu amedanganya, hakuna kombe inarudishwa, na wewe mwalimu unarudi darasani. Lakini mamake aje hapa, mbele ya mama yangu, aseme na mdomo wake kwamba huyo mtoto si wake. Sitaki mtu aje kunisumbua kesho akiwa kwa televisheni."

"Na huyu?" niliuliza.

"Huyu ataenda kwa shangazi yake Murang'a. Ako na jina la kanisa, atatumia hilo."

Wamuyu alikuwa amesimama pale pale alipoviringishiwa mpira, mikono ndani ya mikono ya jezi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote. Nilipaswa kumtazama zaidi ya nilivyomtazama. Badala yake nilimtazama Okeyo, nikitumaini kwamba mtu mzima mmoja kati yetu angekataa.

Okeyo aliinama, akautoa mpira chini ya jiko, akaufuta majivu kwa kiganja.

"Mimi sijasikia kitu," alisema. "Mimi nangoja mchezaji wangu."

Bwana Thuo akaniambia nimlete huyo mama kabla jua halijazama. Nikichelewa, atampigia chifu.

Nilipanda pikipiki hadi Kibera, nikashuka na kuteremka kwa miguu kuelekea Silanga. Nilitembea upesi, na kila nilipotembea upesi nilijiuliza ninaharakisha nini.

Nzembi, mama yake Kasyoka, alikuwa akipanga nyanya. Nilimweleza kwa utaratibu, jambo baada ya jambo, na nilipofika mwisho nilisogea nyuma kidogo, kwa kuwa kando yake kulikuwa na beseni la maji ya kuoshea mboga, ingawa moyoni nilitamani anirushie.

Hakunirushia.

"Atakula?" aliuliza.

"Atakula."

"Atasoma?"

"Amesema atamsomesha."

"Na atacheza?"

"Jumatatu anaingia kambini."

Aliendelea na nyanya zake, nne chini, moja juu. "Na akivunjika mguu, mwalimu? Huyo mzee atakuwa bado anamwita mtoto?"

Mwalimu aliyeulizwa swali gumu hutazama ubao. Mimi nilizitazama nyanya.

"Kabla yake kulikuwa na mtoto mwingine," alisema Nzembi. "Hakukaa. Huyu alipokuja nikasema amerudi, nikamwita Kasyoka, yaani aliyerudi. Nimemlinda na moshi, na maji ya hii bwawa, na vijana wa hii njia. Sikujua nitamlinda na mpira."

"Unaweza kukataa, mama."

"Nikikataa anafungiwa. Si ndio umesema?"

"Ndiyo."

"Basi hujaniuliza kitu. Umenieleza tu."

Alifunika mboga kwa gunia bichi, akanawa miguu, akamwita binti yake aliyekuwa akiruka kamba na watoto wa jirani. Alimwambia avae viatu, tunakwenda Kawangware kwa mambo ya mwalimu. Nikamnong'oneza kwamba ingefaa amweleze kwanza. Akasema akimweleza, hatatoka.

Kasyoka alitutangulia njia nzima, akirudi kinyumenyume ili aongee nami.

"Madam, ni kambi, ama? Niambie tu, sitapiga nduru."

"Tutaongea tukifika."

"Ni kambi! Naona uso yako. Na huko wataniita Wamuyu ama Kasyoka?"

"Tutaona."

"Hata wakiniita Sukuma Wiki, bora mpira." Akageuka, akaruka mtaro wa maji machafu kama hauna upana, akatungoja ng'ambo akicheka. Mama yake aliuvuka kwa shida. Kasyoka alimpa mkono, naye akaushika muda mrefu kuliko mtaro ulivyohitaji.

Uani kwa Bwana Thuo, nyama ilikuwa imepoa. Niliweka mkoba wangu, simu ikiwa ndani, kwenye benchi karibu na lango. Wamuyu alikuwa ameketi mwisho wa benchi hilo. Nilimpita.

Bibi alimwita Kasyoka karibu, akampapasa goti la kushoto kama mtu anayechagua kuku, akaitikia kwa kichwa. Kasyoka alicheka kwa kutekenywa.

Bwana Thuo alimkaribisha Nzembi kwa heshima, akamvutia kiti yeye mwenyewe. Nzembi hakuketi.

"Mama, mwalimu amekueleza?"

"Amenieleza."

"Basi sema, tusikie sisi wote."

Nilitaka kupiga filimbi. Hilo tu ndilo lililonijia: kwamba uwanjani, mambo yakiharibika, hupigwa filimbi na kila mtu husimama alipo.

"Huyu mtoto si wangu," alisema Nzembi.

Aliyasema kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mteja kwamba nyanya zimeisha.

Kasyoka alicheka kwanza. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akamtazama kocha, akitafuta nani ataanza kucheka naye. Kisha uso wake ukafunga.

"Mama?"

Nzembi alitazama saruji.

"Mama, si uwaambie."

Hapo simu ya Okeyo ililia mara moja, ikalia tena, kisha ikawa hailii bali inatetemeka mfululizo kama nyuki chupani. Akaitoa kuizima. Alisoma, uso ukambadilika, akanitazama.

"Mwalimu, umetuma nini kwa kundi la walimu wa michezo?"

"Sijatuma kitu."

"Imetoka kwa namba yako."

Aliigusa simu, na sauti ya msichana ikatoka, ikitweta kidogo, wazi kabisa.

"Habari zenu walimu. Mimi ndiye Wamuyu Thuo. Sijawahi kucheza mpira hata siku moja. Mwenye anacheza na jina langu anaitwa Kasyoka. Saa hii ako kwetu, na mamake ameletwa amkane ndio apewe nyumba yangu. Mwalimu Shivachi anajua. Kocha Okeyo pia anajua."

Niligeuka. Mwisho wa benchi ulikuwa mtupu. Mkoba wangu ulikuwa wazi, simu yangu haimo, jezi mpya imekunjwa juu yake vizuri, na lango lilikuwa wazi vilevile.

Walimu wa kaunti ndogo nzima walikuwa kwenye kundi lile. Katibu wa michezo pia.

Bwana Thuo aliinuka. Hakunitazama. Aliniambia tu niwaondoe watu wangu kwake, wote wawili, na kwamba hajawahi kuwaona. Okeyo alikuwa tayari anafunga begi lake, vidole vikikosa zipu.

Basi yote yalikuwa yamekwisha kwa njia mbaya, lakini nikajiambia kwamba angalau jambo moja limerudi mahali pake. Nzembi naye alifikiri hivyo, kwani aliinua kichwa, akamnyooshea binti yake mkono, ule ule alioushika mtaroni.

"Twende nyumbani, Kasyoka."

Kasyoka alirudi nyuma hatua moja.

"Si umesema si wako?"

"Nilisema kwa ajili yako."

"Ulisema," alijibu Kasyoka. "Nimekusikia."

Alivua viatu. Nilimwona akivivua, kimoja baada ya kingine, na nikajua maana yake, kwa kuwa ndivyo afanyavyo mazoezini kila akitaka kasi yake yote. Nilipaza sauti kumwita. Hata mimi sijui nilimwita kwa jina gani.

Alikuwa amekwisha kupita langoni.

Nzembi alipiga kelele. Nilianza kukimbia kuelekea vichochoro vya Kongo, giza likianza kuingia, nikijua vyema, kwa sababu ndimi niliyempimia mbio zake, kwamba hapakuwa na mtu yeyote katika ploti ile ambaye angeweza kumfikia.